Kaka Aliyepatikana Sokoni

Njuga zilisikika kwanza, kabla kijana mwenyewe hajaonekana. Jentrix alikuwa ameinamia kochi la mteja, mdomo umejaa misumari, akainua kichwa. Pale kwenye vibanda vya mafundi vinavyopakana na Kipsongo, Kitale, njuga si jambo geni ikifika Agosti ya mwaka wa tohara. Vijana wa Kibukusu huzunguka kwa jamaa zao wakicheza na kuwaalika, na jamaa asiyefikiwa na njuga hujua kwamba amewekwa pamoja na waliokufa. Jentrix alikuwa amezoea kuzisikia zikipita. Hizi hazikupita. Zilisimama mlangoni pake, mikononi mwa Derrick, mtoto wa kaka yake Khaemba, kifua wazi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shangazi," kijana alisema akihema. "Nimekuja kukuita."

Jentrix akatema misumari kiganjani. Kitale nzima hakuna mtu aliyekuwa akimwita hivyo, na alihitaji muda kidogo kukumbuka kwamba jina hilo ni lake.

Tuseme ukweli: Mungu alimuumba Jentrix kisha akaacha watu wabishane. Mrefu, mabega mapana, kifua bapa, sauti nzito, na ndevu chache kidevuni ambazo hakuziomba wala hakuzipanda. Akivaa suruali, watu humwita boss mpaka wasikie jina, ndipo wanapoanza kumtazama kama noti bandia. Akivaa rinda, ni balaa zaidi. Alilivaa mara ya mwisho kwenda harusini, na kabla hajatoka stendi, makanga wa matatu walikuwa wameshamzunguka wakipiga kelele kwamba ni mwanaume aliyejigeuza ili aibie wanawake. Walimchania rinda mgongoni. Tangu siku hiyo akabaki na suruali, si kwa ushindani na mtu, bali kwa sababu suruali ilimpa matusi machache.

Mlangoni mwa supamaketi, askari wa kike humsukumia kwa askari wa kiume amkague, na wa kiume humrudisha kwa wa kike, wakicheka, huku foleni ikinuna nyuma yake kana kwamba yeye ndiye anayechelewesha. Kwenye choo cha soko, mama wa mlangoni humnyooshea kidole: "Upande ule, baba." Jentrix alijifunza kutokunywa chai asubuhi. Kanisani alikuwa akikaa benchi la nyuma na waliochelewa, hadi Jumapili moja mama mmoja alipoomba maombi maalum kwa ajili yake, kwa jina, kwenye kipaza sauti. Hakurudi tena. Hata Nyaruai, mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwaambia wapangaji wapya, "Chumba cha mwisho anakaa yule mtu," akaishia hapo.

Na Khaemba? Walizaliwa wawili tu, huko Kiminini, na wazazi wakafa. Khaemba alipata kazi ya ukarani Bungoma, akanunua shamba nje kidogo ya mji, kati ya watu wasiojua kwao. Derrick alipoanza shule, Khaemba alikuja Kitale na gunia la mahindi, akakaa ukingoni mwa kiti. "Dada, kaa tu huku kwanza," alisema. "Watoto wakue kidogo, nitakuita." Watoto walikua. Mahindi yaliendelea kuja, mwito haukuja.

"Baba yako amekutuma?" Jentrix aliuliza sasa.

"Hapana. Nimejileta. Mama alisema baba ako na dada mmoja tu. Sasa nani mwingine atanifunika?"

Katika ukoo wao, kisu kikishapita, dada ya baba ndiye humfunika kijana kwa leso mpya, mbele ya watu wote. Si mama, si jirani. Khaemba mwenyewe alifunikwa na shangazi yao, na Jentrix, akiwa msichana mdogo, alisimama pale akimwonea wivu yule mama kwa jinsi watu walivyompisha. Alinunua jogoo kwa Nyaruai akampa kijana, kwa kuwa njuga hazirudi mikono mitupu. Derrick alipokwenda zake akiruka na jogoo kwapani, Jentrix alikaa juu ya kochi la watu ambalo halijaisha akalia. Alilia kwa furaha, na hakuona haya.

Siku ya kuamkia tohara alifunga kibanda, akafika Bungoma mchana, akaingia sokoni kutafuta leso. Safari ilikuwa ndefu na kibofu hakina subira. Mama wa mlangoni alikuwa mwingine, kidole kilikuwa kilekile. Jentrix akaenda upande wa wanaume akiwa ameinamisha kichwa, akasubiri kile chumba kimoja chenye mlango, akajifungia. Kisha akarudi kwenye leso. Alichagua ndefu, nyekundu yenye pindo la njano, akaibana kwapani, moyo umejaa.

Filimbi ililia nyuma yake.

Msimu huo kuna vijana wanaozunguka wakitafuta wanaume wazima waliokwepa kisu. Serikali hukataza kila mara, lakini msimu ukifika mnong'ono mmoja hutosha mtu akaburutwa kwa ngariba huku akilia mpaka sauti ikauke. Na mnong'ono wa siku hiyo ulitoka chooni. Kuna mtu aliyeona mwanaume mzima akikataa kusimama na wenzake, akangoja mlango wa kujifungia. Anaficha nini?

"Wee mzee, simama hapo," alisema mwenye filimbi, kijana mnene aliyeitwa Jairus. "Wewe ni wa wapi?"

"Kitale."

"Kitale ni kubwa. Ulitahiriwa wapi?"

"Mimi ni mwanamke."

Sauti ilitoka nzito, kama kawaida yake, na soko likaangua kicheko. "Ati mwanamke!" Jairus alipiga paja. "Hii uoga ya mwaka huu ni mupya, bana! Toa longi basi tuone!"

Jentrix alitoa kitambulisho mfukoni. Kiligongwa, kikaanguka, kikapotelea miguuni mwa watu. Wale akina mama wa mboga aliowatazama wamsaidie walikuwa wanacheka pia, mikono vinywani. Mkono ukashika mshipi wake. Mwingine ukamshika bega. Akashikilia mshipi kwa mikono yote miwili, leso ameibana kwa meno, na alichowaza wakati huo ni kwamba wakimvua watajua ukweli, na ukweli hautamsaidia chochote.

"Mwacheni!"

Ilikuwa sauti ya Khaemba. Alikuwa amekuja sokoni kukodi viti vya wageni, koti la ofisini mwilini. Watu walimjua, vijana walilegeza mikono, hawakuiondoa.

"Mzee Khaemba, unajua huyu?"

Khaemba alimtazama dada yake. Alitazama ule mkono kwenye mshipi. Alitazama watu, ambao wengi wao wangekuwa uwanjani kwake alfajiri ya kesho.

"Huyu ni kaka yangu," alisema. "Mdogo wangu. Tulisimama mbele ya kisu mwaka mmoja, kwa baba yetu. Mimi kwanza, yeye nyuma yangu. Nilikuwa hapo."

Mikono yote ikaondoka. Jairus alimpangusa Jentrix vumbi begani, akamtafutia kitambulisho chini, akamrudishia bila kukisoma. "Pole sana, baba. Si ungesema tu? Kesho tukileta kijana kutoka mtoni tutakuimbia wewe pia."

Walitembea kuelekea nyumbani hadi walipoacha lami.

"Wangekuvua, Jentrix," Khaemba alisema. "Ningesema dada, wangetaka kuona. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Najua."

"Kesho utasimama na sisi wanaume. Siku moja tu."

"Mtoto wako aliniita nimfunike."

"Rosaline atamfunika. Dada ya Judy."

"Rosaline ni wa upande wa mama yake, Khaemba! Tangu lini?"

"Hao vijana ndio watamleta kutoka mtoni. Wakikuona na leso mkononi, watasema Khaemba alidanganya mbele ya soko. Watamwimba nani? Watamwimba mtoto. Huo wimbo hautamtoka maisha yake yote."

Kila neno la kaka yake lilikuwa na mantiki, na hicho ndicho kilichomchoma. Alichotaka kuuliza ni kitu kingine: mbona ule uongo ulikuja mwepesi hivyo? Ulikuja umeshapangwa, wa kwanza na wa pili, nani alisimama nyuma ya nani, kana kwamba Khaemba alikuwa ameutunga zamani na kuuweka akiba. Hakuuliza. Kuna majibu ambayo mtu akiyapata hana pa kuyaweka. Walipofika alimpa Judy, mke wa Khaemba, leso, na Judy akaipokea huku akitazama chini, akisema tu, "Ni nzuri, imechaguliwa vizuri."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Khaemba ilikuwa pana, tena ilikuwa na viti. Jioni hiyo wazee walimpisha Jentrix akae kati yao kwenye chungu cha busaa, pombe ya kienyeji, wakampa mrija. Hakuna aliyemkodolea macho wala aliyecheka sauti yake. Mzee mmoja alisema hata kwamba ni sauti ya mtu wa kuzungumza na watu. Walimuuliza bei ya makochi, wakamuuliza mvua za Kitale, wakamwita baba na kuahidi kumtafutia mke. Miaka yote hiyo hajawahi kukaa na watu kwa starehe namna ile. Aliona utamu wake, na utamu huo ukamtia uchungu, kwa sababu haukuwa wake. Walikuwa wanamkirimu mtu ambaye Khaemba alimzaa sokoni mchana ule. Jentrix mwenyewe hakuna aliyemwambia karibu.

Alfajiri walimleta Derrick kutoka mtoni, mwili umepakwa matope, vijana wakiimba na filimbi ya Jairus ikiwa mbele. Judy alikuwa ndani ya nyumba, kama mama anavyotakiwa. Jentrix alisimama mstari wa wanaume, bega kwa bega na Khaemba, baridi ya asubuhi ikiingia kwenye shati. Kijana alisimama uwanjani, mikono juu, macho angani. Ngariba akaja. Derrick hakupepesa. Mguu wake haukutikisika hata kidogo. Filimbi ikalia, vigelegele vikatoka ndani ya nyumba, na wanaume wakaruka juu, na Jentrix akajikuta ameruka nao akipiga kelele, machozi yakimtoka kwa fahari.

"Shangazi wa kijana!" ngariba aliita. "Shangazi yuko wapi? Mtoto anasikia baridi!"

Mwili wa Jentrix ulikwenda hatua moja mbele kabla hajaupa ruhusa. Vidole vya Khaemba vikamshika kiwiko. Havikumshika kwa nguvu. Vilikuwa vinaomba. Na hapo hapo Jentrix akamwona Jairus, filimbi mdomoni, anamtabasamia kwa heshima, mtu aliyemwomba radhi. Akasimama. Rosaline akapita na leso nyekundu, akamzungushia kijana mabegani, watu wakampisha.

Derrick alikaa kwenye kigoda, na wageni wakaanza kupita mmoja mmoja kumtunza na kumwambia neno. Jentrix alijiambia kwamba mtoto anajua. Dunia nzima ikose kujua, huyu mmoja anajua, alivuka wilaya nzima na njuga zake kumtafuta. Akifika mbele yake watatazamana tu, na hiyo itamtosha arudi nayo Kitale. Alingoja zamu yake akiwa na matumaini hayo, na niseme wazi kwamba hakuwa na mengine.

Zamu ilifika. Alimwekea noti kwenye sahani, akainama karibu naye. "Umesimama vizuri, Derrick," alisema polepole.

Kijana aliinua macho. Uso ulikuwa umesawijika kwa maumivu, lakini ulikuwa umetulia. Alimtazama baba yake aliyekuwa nyuma, akamtazama Jairus na kundi lake, kisha akamtazama Jentrix. Alikuwa mwanaume tangu dakika chache zilizopita, na somo la kwanza la kiume, kulinda neno la baba yake, alikuwa ameshafundishwa, akalishika.

"Asante, baba mdogo," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Watu wakapiga makofi. Jentrix akaitikia, maana mtu akiitwa mbele za watu huitika, kisha akasogea pembeni ili anayefuata apite.