Ukurasa Mmoja Mara Elfu

...na wa chini nao ni ule ule, Kahongya anauona hata kabla hajauchomoa vizuri, mbao sita ndogo za dama, tatu juu tatu chini, kete nyeupe na kete nyeusi, na chini ya kila ubao maneno yale yale ya Kifaransa, nyeupe zianze na zishinde, anaingiza mkono katikati ya katoni, anachomoa mwingine, ukurasa wa arobaini na saba, anachomoa wa pembeni, arobaini na saba, basi hakuna jalada humu, hakuna ukurasa wa kwanza wala wa mwisho, hakuna kitabu, kuna karatasi elfu moja za ukurasa mmoja, ndivyo katoni ilivyoandikwa, ngumu, zinang'aa, zimefunikwa plastiki, na mbele yake amesimama Mashaka katikati ya depo yake hapa Beni, mikono kiunoni, kofia ya darizi imekaa upande, anamwangalia kama bibi harusi mpya anayengoja kuambiwa kama chumvi imetosha, na anauliza, "Unaona je, Docteur? Iko sawasawa na échantillon, ao?"... jibu, mtu akiulizwa hujibu, lakini anachomoa karatasi nyingine, mwite docteur, mwite nani, mwenye famasi ndogo ya Butembo aliyepanda juu ya magunia ya viazi tangu alfajiri kuja kuchukua kitabu chake, amenyoa ndevu, amevaa koti la Jumapili, Godelive mke wake amemcheka mlangoni, unaenda kupokea kitabu ao unaenda kuposa, na sasa amechuchumaa mbele ya katoni ya karatasi na magoti yanamuuma, sawasawa na sampuli, ndiyo, sawasawa kabisa, hapo ndipo kilio kilipo, kwa sababu alisema nini siku ile, alisema, Papa Mashaka, ukifika Chine unitafutie hii, na akamkabidhi ile karatasi yake moja aliyokuwa ameihifadhi ndani ya bahasha ya eksirei, na nani Butembo asiyejua maana ya kumpa msafiri sampuli na kumwambia unitafutie hii, mama anatoa kipande cha kitenge, analetewa kitenge chenye ua lile lile, fundi anatoa kufuli, analetewa kufuli yenye meno yale yale, yeye mwenyewe Kahongya akitaka vijiko vya dawa ya watoto hutuma kijiko kimoja, vinakuja vijiko, hakuna anayetuma kijiko akitegemea aletewe sahani na meza na watu wa kula, mjinga ni nani hapa, mjinga ana miaka hamsini na mbili na amevaa koti la Jumapili.

Mashaka anaendelea kusema, kitu kuhusu Wachina, kitu kuhusu mashine, "...banasema machine haiwake juu ya karatasi moja, minimum ni elfu, mie minasema haina shida, Docteur iko mutu mukubwa..." na sauti inapita kama mvua ya mbali kwa sababu kimawazo Kahongya yuko sokoni Butembo, vita ya kwanza imepita tu, maktaba ya mapadri imeporwa na vitabu vimeishia kwa mama wauza karanga, na yeye ananunua karanga za kutafuna njiani, anafungua koni ya karatasi, ndani ya koni kuna dama, Mungu wangu, dama ya vitabu, dama ya watu waliokaa wakafikiri, si ile ya vifuniko vya chupa ya kupigizana kelele chini ya varanda, ingawa hata hiyo anaipenda, anasimama katikati ya watu wanaomsukuma kwa magunia, anasahau karanga, zinamwagika, halafu wiki nzima ananunua karanga kwa mama yule yule akitafuta kurasa nyingine, anapata maisha ya watakatifu, anapata jiometri, anapata nusu ya ramani ya Ubelgiji, anakula karanga mpaka tumbo linafunguka, Godelive anamwonyesha rafu ya dawa za kuharisha, chagua mwenyewe docteur, na kurasa za dama hakuna tena, ni ule mmoja tu, nyuma mweupe, na chini kabisa kwa herufi za sisimizi jina la duka la vitabu la huko Ulaya na maneno, majibu tazama mwisho wa kitabu... mwisho wa kitabu, kana kwamba mwisho wa kitabu ni pale ng'ambo ya barabara.

Mbao tano yeye na Kambere walizimaliza, Kambere jirani yake, mwenye duka la misumari, kila siku baada ya kufunga maduka, ubao juu ya kreti, Kambere anayecheza huku akipiga mluzi kwa pua, ya kwanza iliwachukua jioni moja, ya tano iliwachukua kwaresima nzima, na ya sita, ee ya sita, kete nne dhidi ya saba, waligeuza kulia, wakageuza kushoto, wakatoa sadaka ya kete moja, ya kete mbili, kula ni lazima, hata ukijua mbele yake unaliwa unakula tu, hiyo ndiyo sheria, na kila walipokula walijikuta wamekwisha, Kambere akasema mzungu alikosea kuchapa, Kahongya akasema mzungu hakukosea, sisi ndio wazito, na ndipo akaanza ule wazimu wa kuagiza kitabu, barua ya kwanza kwa mkono wa padri anayekwenda Kampala, miezi minane hakuna kitu, kisha jibu, karatasi nzuri yenye harufu, Bwana mpendwa, kitabu kipo, bei ni hii, na usafirishaji ni mara tatu ya bei, alicheka peke yake famasini, kitabu kinapanda ndege daraja la kwanza, na tafadhali utume hundi ya benki na utuambie namba yako ya posta, benki gani, ile yenye kufuli la kutu, posta gani, ile ambayo askari wanafunga mbuzi wao kwenye dirisha la stempu, akatuma dola ndani ya barua, barua ilifika imebandikwa vizuri sana na dola zilishuka njiani, wenye duka wakajibu kwa adabu kwamba ndani hamkuwa na kitu, akatuma nyingine kwa kijana wa ndege ya misaada, ndege ikaacha kutua, vita ya pili, barabara zikafungwa, misumari ikakosa mnunuzi, Kambere akafunga duka akaenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, akisema miezi mitatu tu, na miaka inakwenda miwili.

Hapo ndipo kitabu kilipogeuka kuwa kitu kingine, leo aseme ukweli wake akiwa amechuchumaa hapa, si majibu tu aliyokuwa anayatafuta, ni mtu wa kucheza naye, kitabu kingekaa upande wa pili wa kreti, kingemsukumia kete, maana watu wa varanda hawana subira na wanawe wanapiga miayo, na ile dawa nyingine alishaijaribu, ile ya phonie, aliita Manguredjipa kwa redio ya mfanyabiashara mmoja, Kambere akaja hewani, sauti inapasuka pasuka, na mluzi wa pua unasikika hata huko, wakaanza, thelathini na mbili inakwenda ishirini na nane, over, kumi na tisa inakwenda ishirini na tatu, over, ishirini na nane inakula ishirini na tatu, over, kabla ya kete ya nne askari wawili walikuwa mlangoni, "Unatumaka position ya ba nani, muzee? Nani njo ishirini na tatu? Nani anakula yeye?" siku mbili kizuizini, aliwachorea ubao sakafuni kwa mkaa, komanda akaangalia, akasema ramani hii ni ya wapi, Godelive akaja na maharagwe na jogoo wa kumpa komanda, wakamwachia, na phonie ikawa mwisho, na Kambere akabaki huko nyuma ya msitu akidhani pengine mwenzake amekasirika.

Sasa useme, Kahongya, maana mtu anangoja, useme hapana, Papa Mashaka, nilitaka kitabu... na ukisema hapana anajua kitakachofuata, Mashaka hatabisha, ndivyo wafanyabiashara wa huku walivyo, hakuna mkataba wala mahakama, kuna jina la mtu, ukileta kisichofanana na mtu alichotaka unakibeba wewe, Mashaka atafunga katoni bila neno, ataitupa nyuma ya depo, safari nyingine ataulizia kitabu kwa hasara yake mwenyewe, na atarudi nacho kwa barabara ile ile ya mpakani, ya Kasindi, ambapo juzi tu lori la mwenzake lilichomwa pamoja na mizigo na turnboy, utingo wake, akapona kwa kuruka kwenye majani, yote hayo ili mzee mmoja wa Butembo ajue kete nyeupe inaanzia wapi, hapana, hilo hapana, lakini ukisema ndiyo, ndiyo hiyo hiyo, asante, basi kitabu kimekufa leo, pesa ya viazi vya shamba lako vya misimu miwili imegeuka karatasi za kung'aa, utarudi Butembo juu ya magunia umekumbatia upumbavu wako elfu moja, utakaa mbele ya kreti jioni na upande wa pili hakuna mtu... moyo unamuuma kabisa, si mchezo, unamuuma kama wa mtoto, na kutoka uani Rachida mke wa Mashaka anaita, "Papa Docteur akunywe chai kwanza, mutamuua na biashara!" na Mashaka hageuki, ameinama kidogo, jasho puani, na sasa Kahongya anaona kitu ambacho hakukiona mwanzoni, huyu mtu ana wasiwasi, anakanyaga mguu huu, anakanyaga ule.

"...donc hazitimie elfu, Docteur, usikasirike, ni mie njo mukosaji," Mashaka anasema, na mara hii sauti haipiti, inaingia, "tulilala Kasindi zaidi ya wiki, barabara ilifungwa, basoda na bunduki yabo bakafungula katoni, banasema hii ni plan ya vita, mais kaporali moja akasema, ee, hii ni dame! Akachora ubao juu ya capot ya camion. Bashoferi bakakuja. Kila mutu anataka yake. Ningekatala namna gani? Nikagawa, bale ba Mbau bakabeba, bale ba Butembo bakabeba, bale ba Manguredjipa bakabeba makumi mbili nzima, banasema kule jioni hakuna kitu ya kufanya..." na anafuta jasho, anashusha sauti kama mtu anayeuliza jambo la aibu kwa daktari, "Ya kwanza mpaka ya tano tulimaliza. Mais ile ya sita, Docteur. Ile ya sita ni ya kweli, ao ni muzungu alikosea?"

Muzungu alikosea... Kahongya ana karatasi mkononi na hasikii magoti, neno lile lile, la Kambere, linatoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, mtu aliyelala juu ya lori akiigeuza ile ya sita kulia na kushoto wakati risasi zinalia bondeni, na kaporali naye anaigeuza, na madereva, pale Kasindi kuna ubao umechorwa kwenye boneti na hakuna aliyeufuta, na Mbau mbele ya duka la mafuta ya mawese kuna watu wanabishana kuhusu kete nne dhidi ya saba, wanatukanana kwa furaha, na huko Manguredjipa, Mungu wangu, huko Manguredjipa mtu anatoka shimoni na matope hadi mapajani, anapewa karatasi ya kung'aa, anaiangalia, mluzi unakatika puani, anajua, hakuna mtu mwingine kwenye nchi hii angeweza kuileta, anajua kabisa ni nani na kwamba hajakasirika wala hajasahau, na hakuna askari wa kumkamata mtu kwa hilo, Kahongya anaona uso ule, anacheka kimoyomoyo, anahisi joto likimpanda kifuani kama amekunywa kitu, fikiri, kama kingekuja kitabu, kimoja, chenye majibu yake mwishoni, angekibeba nyumbani chini ya koti, angefunga mlango, angesoma majibu ya sita kwa dakika mbili na ingekuwa basi, imekwisha, na Mashaka asingejua hata ndani ya katoni kuna nini, ni furushi tu kama mafurushi, na upande wa pili wa kreti pangekuwa na kitabu, kitabu hakitoi jasho puani, hakiulizi kama muzungu alikosea, Godelive atacheka mpaka akae chini, acha acheke, atampa karatasi moja aibandike jikoni, nyingine zitakaa famasini kwenye kaunta, mwenye kununua dawa ya malaria apewe na ya sita, afikirie akiwa kitandani, na Mashaka anangoja, bado anangoja, ameshika ukingo wa katoni kwa mikono miwili tayari kuifunga na kuibeba kama akiambiwa hapana, "Docteur? Uko na kasirani?" na chai inapoa uani, na Kahongya anavuta gunia tupu, analikalia, anaweka karatasi chini kati yao, anaigeuza vizuri upande wa nyeupe uelekee kwa Mashaka.

"Ikaa, Papa Mashaka," anasema. "Nyiye mulianzaka na kete gani?"