Kiti cha Uani

Paneli ya mwisho iliteremshwa polepole, ikaingia kati ya nguzo mbili za chuma, ikatulia. Mafundi wakavua glavu. Bi Nunu, aliyesimama uani kwake na beseni la nguo kiunoni, aliwangoja wakachukue nyingine. Hawakwenda. Walianza kukunja minyororo.

Ukuta wa kuzuia kelele ulikuwa mrefu, wa kijani. Ulipita nyuma ya nyumba za safu ile ukakomea kwa jirani yake, Abshiro. Nyuma ya nyumba ya Bi Nunu, iliyokuwa ya mwisho, ulibaki uzio wa zamani wa waya, na nyuma ya waya, kiwanda cha kuponda vyuma chakavu. Mdomo wa mashine ulipanda, ukashuka. Kila uliposhuka, kioo cha jikoni kiliitika.

Alimwuliza msimamizi wa mafundi, Navdeep, kwa nini wamemruka. Navdeep alisema kwa upole kwamba yeye hujenga anapoambiwa. Nyumba hii ilipimwa, ikaonekana kelele yake ni ndogo.

"Ilipimwa lini?" aliuliza Bi Nunu, na kabla hajajibiwa, akakumbuka. Beseni likamwelemea.

Ilikuwa siku ya manyunyu, katikati ya baridi. Kijana mmoja alibisha hodi na mkoba wa vifaa, akamwona amejitanda kanga, akasema, "Shikamoo, Bibi." Jina lake Vipul. Baba yake aliwahi kuwa na duka Mwanza kabla ya kuhamia hapa Leicester, na Kiswahili cha kijana kilikuwa kilekile cha dukani, kimeshika kutu lakini kinakata. Bi Nunu aliyeyuka. Kijana alipoomba akasimamishe kipimasauti uani, Bi Nunu hakutaka kusikia. Uani, kwenye mapipa ya taka na nguo mbichi? Mgeni aliyemwamkia? Alimkalisha sebule ya mbele inayotazama barabara, kwenye makochi ya wageni wa Idi, juu ya zulia nene, akafunga milango yote baridi isimguse. Kijana aliutazama mlango wa nyuma, akaitazama mvua, akaitazama sahani ya kaimati. Akakiweka kifaa chake kando ya jagi la maua. Alipouliza kama kelele inawasumbua, Bi Nunu alijibu kama ajibuvyo mtu yeyote aulizwapo hali na mgeni: "Hatujambo, alhamdulillahi. Tumeshazoea."

Na juu ghorofani, wakati huohuo, Haroun alikuwa akijigeuzageuza kitandani.

Haroun, mumewe, alikuwa dereva wa basi la usiku. Mchana alilala, au alijaribu. Wiki iliyopita alifumbua macho yuko kwenye usukani, gurudumu la mbele limepanda njia ya miguu, na hatua chache mbele yake mwanamke ameganda na kigari cha mtoto. Hakuumia mtu. Haroun alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote bila kuinua sauti, akamalizia kwamba ikitokea tena atarudisha funguo, maana hatangoja kuua. Ukuta ule walikuwa wameungoja kama watu wanaomngojea daktari.

Abshiro alichungulia juu ya uzio, akasimuliwa. Alikulia Garissa, na ulimi wake haukuwa na lango.

"Dada, ati ulimpa kaimati? Mimi nilimsimamisha hapa nje kwa mvua, hata maji sikumpa. Na ukuta nimepata." Alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. "Sasa hiyo kelele yote itazunguka ije kwako," alisema taratibu. "Kama maji yakikuta ukingo."

Bi Nunu si mwepesi wa hasira. Kwanza alijikasirikia mwenyewe. Akafua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Lakini hasira ile haikumkaa vizuri; ilikuwa kama kiatu cha mtu mwingine, na kadiri alivyokamua ndivyo alivyozidi kumjua mwenye kiatu. Alipiga simu. Kwa sauti tamu kabisa, akamwalika Vipul chai.

Vipul alikuja akitabasamu, akafuta viatu, akaelekea sebuleni.

"Si huko, mwanangu. Leo tunakaa uani."

Kiti cha plastiki kilikuwa tayari kando ya mapipa, na juu ya stuli, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Mashine ilishuka. Kikombe kikagonga kisahani. Vipul alisema jambo lisilosikika. Bi Nunu hakupaza sauti, aliungoja mwanya.

"Mimi nilikuwa mwenyeji," alisema. "Mwenyeji humficha mgeni kero za nyumba yake. Ndiyo kazi yake. Wewe kazi yako ilikuwa nini?"

"Bibi, ulisema mmeshazoea."

"Ungenikuta na njaa ningekwambia nimeshiba. Ulikuwa wajua. Baba yako alikufundisha shikamoo, na hilo pia alikufundisha."

Kijana alianza kueleza kwamba kazi ilishafungwa, kwamba wakubwa zake hawapendi kurudia. Mashine ikayala maneno yake, naye hakuyarudia.

"Hupanda basi la usiku?" aliuliza Bi Nunu.

"Mara mojamoja."

"Basi omba usiku utakaopanda, mume wangu awe amelala mchana wake."

Manyunyu yakaanza. Vipul aliutazama mlango wa nyuma. Bi Nunu aliuona mtazamo ule, akaukumbuka, wala hakuinuka. Aliifunika sahani ya kaimati kwa kawa, akammiminia chai nyingine hadi ukingoni.

Vipul aliinywa nusu. Kisha Vipul akafungua mkoba wake. Akakitoa kifaa, akakifuta mvua kwa mkono wa koti, akakisimamisha juu ya mfuniko wa pipa, kikielekea kwenye waya.

Mashine ikashuka. Ndani ya kikombe, chai ikafanya duara dogo, kisha jingine. Na juu, blanketi lililopigiliwa misumari kwenye dirisha la Haroun likasogea pembeni, ukatokea mkono wa mtu aliye macho.