Ubao wa Mama Perpétue

Caritas alikuwa amebakiza siku sita na ubao mmoja.

Jumamosi familia ingemaliza matanga ya mama yao, Perpétue, aliyefariki mwaka mmoja uliopita. Kaka yake Valéry alikuwa ameandaa kila kitu nyumbani kwake mtaa wa Kinanira: viti, turubai, chakula, padri. Caritas, anayefundisha uchoraji wa ramani za majengo katika shule ya ufundi, alijipa kazi moja tu. Angechonga ubao wa libuyu, mti mgumu wa rangi nyekundu, wenye maneno ya Kirundi, *Warakoze, Mama Perpétue*, yaani asante mama, na chini yake maua ya mhogo, kwa sababu mama yao alipenda kulima.

Mashine ya kuchonga aliiunda mwenyewe katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, mtaa wa Nyakabiga. Ilikuwa na fremu ya chuma, mota tatu za kusogeza kisu huku na huko, mota ya nne ya kukizungusha, na kadi ndogo ya umeme inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta kwa kebo. Tangu Februari, mvua zikinyesha, ilikuwa imechonga vibao vya milango na meza za wanafunzi bila tatizo.

Kiangazi kilipoanza, ikaanza kumwangusha. Ubao wa kwanza ulifika kwenye herufi K, mara kompyuta ikaandika kwamba mawasiliano yamekatika. Mashine ikasimama palepale, lakini kisu kikaendelea kuzunguka mahali pamoja mpaka mti ukaungua. Akanunua kebo mpya, fupi na nene. Ubao wa pili ukaharibikia kwenye O. Akabadilisha kompyuta, akaweka programu upya, na hata kadi akaibadilisha. Kwenye mti wa majaribio ilikatika tena.

"Peleka kwa seremala tu," Valéry alimwambia kwa simu. "Wageni hawatauliza nani alichonga."

"Mi nitajua," akajibu Caritas, akakata simu ili kaka yake asimsikie akilia.

Jumatatu alikwenda kwa Mzee Shaabani, fundi anayesuka upya nyaya za mota mtaa wa pili. Hawakuzoeana sana, ila alijua kwamba kwenye mazishi ya mama yake mzee huyo alisimama mpaka mwisho. Shaabani alimsikiliza, akafuta mikono, akamfuata nyumbani.

"Ulibadilisha nini?" akauliza.

"Kila kitu, Mzee."

"Bon, sawa. Sasa tusibadilishe kitu. Tuangalie kwanza iko inakatika wakati gani."

Akaomba daftari. Kwanza waliitembeza mashine hewani, bila kugusa mti, mota ya kisu ikiwa imezimwa. Dakika arobaini, haikukatika. Wakaiwasha mota ya kisu, bado ikaenda. Wakaweka kipande cha mti wa bure, mabaki ya kutupa, ikachonga mpaka mwisho, vumbi likiwajaa puani. Caritas alishangaa. Mashine ileile iliyomtesa wiki tatu ilikuwa inafanya kazi bila kosa.

"Leo kitu gani hukuwasha?" akauliza Shaabani.

"Aspirateri tu. Ile ya kufyonza vumbi."

Wakaiwasha. Dakika ya kumi na moja, kompyuta ikaandika maneno yale yale.

"Basi inakula umeme mwingi!" Caritas akasema. Akakimbia kuichomeka jikoni, kwenye soketi nyingine kabisa, akarudi akiwa na matumaini. Dakika ya tisa, ikakatika.

Akaketi chini. Shaabani aliinama kuangalia bomba la plastiki linalotoka kwenye kisu hadi kwenye aspirateri, na hapo akasimama ghafla. Vinyweleo vya mkono wake vilikuwa vimesimama vyote. Akasogeza kidole, cheche ndogo ikalia *tik*, akauvuta mkono.

"Ah! Imeniuma!" akacheka. "Njoo uone, binti yangu. Si umeme wa ukutani. Vumbi kavu linasugua plastiki hii, linajaza umeme ndani, kama nguo ya nailoni ukiivua wakati huu wa jua. Ukijaa, unaruka. Na we kebo yako umeifunga wapi?"

Caritas akaangalia. Aliifunga kebo kwenye bomba hilo hilo, vifungo vinane, ili isining'inie.

"Mungu wangu," akasema. "Na wakati wa mvua hewa ilikuwa na maji."

"Ndiyo hiyo."

Siku iliyofuata, baada ya kazi, Shaabani alirudi na waya wa shaba usio na ganda. Wakaupitisha ndani ya bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaufunga kwenye fremu ya chuma, kisha wakautoa nje hadi kwenye nondo waliyoipigilia uani. Caritas akamwagia nondo ndoo mbili za maji, ili udongo mkavu upokee umeme huo. Kebo wakaipitisha upande wa pili, mbali na bomba.

Alitaka kuweka ubao wa mwisho mara moja. "Apana," akasema mzee. "Mti wa bure kwanza, saa nzima." Saa nzima ikapita. Ndipo Caritas akafunga ubao wa libuyu.

Mashine ikapita K. Ikapita O. Ilipomaliza ua la mwisho na kunyamaza, Caritas alipiga kelele, akamkumbatia mzee bila kufikiri, wote wawili weupe kwa vumbi.

Shaabani akaupangusa ubao, akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata herufi.

"Ni mama yako alinifundisha kusoma hivi," akasema. "Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mota zote najua lakini jina langu siwezi kuandika. Kila Jumapili mchana, miezi minane, pale mezani kwake. Hakumwambia mutu."

"Hata sisi watoto wake hatukujua."

"Mi nilimuomba asiseme. Sasa wewe sema, ukitaka."

Jumamosi, baada ya misa na chakula, ubao ukiwa umesimamishwa mbele ya wageni, Caritas alipewa nafasi ya kuzungumza. Alikuwa ameandika hotuba ndefu, lakini aliikunja. Akamwomba Mzee Shaabani asimame kati ya wageni, akaeleza habari ya zile Jumapili, kisha akasema tu, "Wiki hii nimejua kazi nyingine aliyoifanya mama yangu. Asante, Mzee."

Watu wakapiga makofi. Shaabani akaweka mkono kifuani, akasema, "Mungu amrehemu." Valéry akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akaenda kumshika mkono, akamwongoza kuketi pamoja na familia.