Harufu Kwenye Geti la Reli

…na hapo ndipo alipogundua kwamba anachokinusa si koki ya mafuta ya pikipiki yake bali ni goti la mwanamke asiyemjua, goti nene lenye kovu dogo, limekaa upande kwenye pikipiki ya jirani, sentimita mbili kutoka kwenye pua yake, na mwenye goti anamtazama kutoka juu kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia benki, "Baba, umepoteza kitu?" akauliza, na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, fundi wa lifti aliyepanda na kushuka maghorofa ya miji ambayo hata majina yake yamemtoka, hakupata jibu bora kuliko "Kifungo," kifungo cha nini na koti lenyewe lina zipu, na nyuma yake mkewe akachungulia begani akamwambia yule mama kwa upole wote wa dunia, "Msamehe, dada yangu, huyu anazeeka kuanzia puani," watu wote waliosimama mbele ya geti la reli wakacheka, dereva wa yule mama alicheka mpaka akagonga honi kwa kiwiko, na yeye akainuka taratibu, kama aliyekuwa ananyoosha mgongo tu, akacheka kuliko wote, kwani angefanyaje, alie? … lakini harufu ipo. Ipo, jamani. Nyembamba, ya mbali, inakuja na kukatika kama redio ya nyumba ya tatu, petroli, si moshi, si lami, petroli mbichi kabisa, na geti limeshushwa, taa nyekundu inapepesa, treni yenyewe haijaonekana hata kichwa, na mkono wa mkewe uko kiunoni mwake, kiunoni, baada ya miaka kumi na mmoja, mkono wa kulia, vidole vitano, amevihesabu tangu nyumbani kama mvulana wa sekondari, akili yako iko wapi, mzee, moto unaweza kukuwakia mapajani na wewe unahesabu vidole … asinuse, Mungu wangu, asinuse, lakini ataachaje, huyu ni mkunga, pua hii ikisimama mlangoni mwa wodi inajua ni kitanda kipi ambacho shuka halijabadilishwa, na alisema, miezi mitatu iliyopita, mume akiwa anapambana na zipu ya begi la safari ya kazi, alisimama mlangoni na kanga begani, akasema, "Ukirudi nitampanda huyo Shangazi wako, mara moja tu, kwa ajili ya amani ya nyumba hii. Nikimkuta na kasoro moja, moja, sikutajia mbili, anauzwa." Shangazi ni pikipiki. Aliiita hivyo mwenyewe, kwa sababu inakohoa asubuhi, haipendi kuharakishwa na ina maoni juu ya kila kilima, na ina umri wa kumzidi binti yao wa kwanza, haina hata geji ya mafuta, ukitaka kujua kilichomo unaitikisa na kutega sikio, naye leo asubuhi hakuitikisa wala hakutega sikio, alikuwa na haraka ya furaha, mwanamke kasema "Nipeleke kazini" kama mtu anayeomba chumvi, bila kugombana, bila masharti mapya, akavaa kofia, akapanda, na Shangazi akawaka kwa teke la kwanza, la kwanza! miezi mitatu amefunikwa turubai, yeye akapiga tangi kofi la mapenzi akasema, "Umeona? Alinikumbuka," na mkewe akasema, "Mm."

Haya, fikiri, fundi, fikiri kama uko juu ya kichwa cha lifti na watu wanapiga kelele ndani. Harufu ilianza wapi? Si nyumbani. Tuta la kwanza, pale karibu na ofisi ya maji, ndipo, puh, ikapita puani kama mtu anayekuita kisha anajificha, kisha barabara ya tambarare, hakuna, upepo mtupu, kisha tuta la pili, puh, na tuta la tatu ndiyo usiseme, na sasa hapa, wamesimama, injini imezimwa, pua ya Shangazi imeinama kuelekea relini, na harufu haikatiki vizuri … mpira wa mafuta? akashusha mkono wa kushoto kama anayejikuna paja, akaupapasa mpira wote mpaka kwenye klipu, mkavu, mkavu kama biskuti, "Unawashwa?" akauliza mkewe, "Kidogo," kabureta basi, akajikuna chini zaidi, kidole kikazunguka bakuli lake, vumbi, na vumbi halikai penye mafuta, na tena kabureta ingevuja hata kwenye tambarare, isingesubiri matuta, kwa nini isubiri matuta … "Una upele au una nini?" "Nyama za uzeeni hizi, mke wangu, zinasinyaa." Akamsikia anacheka, tumbo la mkewe likatikisika mgongoni mwake, na furaha ikampanda mpaka masikioni, halafu ikafuatwa na kitu kingine, kizito, kwa sababu tayari anafanya tena, si ndiyo? anafanya kilekile. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mzunguko wa barabara wenye mnara wa saa, breki ya mbele ilikuwa inalegea kwa siku nne, siku nne alijua, alikuwa anaibana mara mbili ndipo inashika, na akanyamaza, kwa sababu angesema, mkewe asingepanda, na alitaka apande, wakaingia mtaroni, yeye akatoka na mchubuko wa kiwiko kama zawadi, mkewe akavunjika mtulinga, akalazwa kwenye hospitali yake mwenyewe katikati ya wenzake wa kazi, akamtazama, akauliza neno moja, "Ulijua?" na yeye akasema, "Sikujua." Basi. Hakuulizwa tena. Mkewe hakupanda tena. Na sasa, hapa, taa nyekundu inapepesa na yeye anajikuna mapaja kama tumbili ili asiseme sentensi moja … sema, sema tu, auzwe, akauzwe huko, lakini mtu huyu asishuke pikipiki hii mara ya pili kwa uongo wako … honi ya treni huko mbali, yule mama wa goti anamwambia dereva wake, "Hii ni ya mizigo, ndefu, tutalala hapa," na kidole chake, chenyewe, bila kuagizwa, kikapita kuzunguka kifuniko cha tangi.

Unyevu. Kifuniko! Akakileta kidole puani kama anayefuta jasho la mdomo, na ikampiga, petroli, tamu, yote, ndiyo hiyo, ndiyo wewe, mshenzi, ule mpira wa ndani ya kifuniko uliokauka tangu enzi, kila tuta mafuta yanaruka yanaulamba, akataka kupiga kelele, akataka kumkumbatia mama wa goti, si mpira wa mafuta, si kabureta, ni kijiduara cha mpira kisichozidi kikuku cha mtoto … lakini ngoja. Ngoja, ngoja. Ili mafuta yafike kwenye kifuniko tangi lazima lijae mpaka shingoni, na yeye hajawahi kulijaza mpaka shingoni, anajaza nusu, siku zote nusu, kwa sababu ya kifuniko hichohicho, na alimwacha Shangazi na nusu, koki imefungwa, turubai juu, na petroli haizaani gizani. Shemeji aliyebaki nao nyumbani? Shemeji anaogopa hata baiskeli. Na kile kioo, asubuhi alikuta kioo cha pembeni kimeinamishwa, akakiinua, akailaumu mitetemo, mitetemo gani kwenye pikipiki iliyosimama, kile kioo kiliinamishwa kwa mtu mfupi, kikakazwa kwa spana, na teke la kwanza, pikipiki iliyolala miezi mitatu haiwaki kwa teke la kwanza, acha kujidanganya, hakuna pikipiki inayomkumbuka mtu kiasi hicho, na kona, kona ya sokoni! zamani mkewe alikuwa anakaa nyuma kama gunia la mbao, ukilalia kushoto yeye anabaki wima akisali, leo walilala wote wawili kama mtu mmoja, yeye akadhani ni mapenzi, akajisifu moyoni mpaka karibu apitilize, na yale hayakuwa mapenzi tu, yalikuwa uzoefu … huyu mwanamke. Huyu mwanamke mfupi, mwenye viatu vyeupe vya kazi na miguu isiyofika chini sawasawa, anamwasha Shangazi peke yake alfajiri, nani kamfundisha, kaanguka mara ngapi, anacheka anapopita tuta? Na ajabu ni kwamba hataki hata kukasirika, anataka kuona, anataka kusimama kando ya barabara amwone akipita.

"Mke wangu."

"Sema."

"Inanuka petroli. Nimeinusa tangu tuta la kwanza nikanyamaza. Na ile breki, ya mwaka ule … nilijua."

Mkono ukatulia kiunoni. Haukuondoka. Behewa la kwanza halijafika, geti liko palepale, mama wa goti ameacha kutafuna bigijii ili asikie vizuri.

"Ya breki niliijua kabla sijatolewa chumba cha eksirei," akasema mkewe. "Una uso unaosomeka toka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nangoja mdomo. Ya petroli ni mimi, juzi nilijaza mpaka juu, kwa kuwa yule wa kituo cha mafuta alikuwa akinitania eti Mama Mkunga ananunua kwa vijiko."

"Kwa hiyo …" akacheka, akakohoa kama Shangazi. "Kasoro moja, ulisema. Tunamuuza?"

"Tukimuuza, mimi nitakwenda kazini na nini?"