Cheti Kabla ya Kozi

Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la duka, hufuta kioo cha mashine ya fotokopi kwa kitambaa kikavu, kutoka juu kwenda chini, mara tatu. Nilikuwa kwenye mara ya pili simu ilipolia. Alikuwa Kidoti, mtoto wa mama mdogo.

"Dada yangu wa nguvu! Nimekutumia faili. Vyeti vya wanafunzi wa ile kozi, karatasi ngumu, vya rangi. Napitia saa nne. Na wewe umeamua? Leo ndiyo mwisho wa ofa, usije ukanilaumu."

"Nitakuambia," nilisema. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu.

Kozi yenyewe ni ya wiki sita, mtandaoni. Inafundisha kuuza bidhaa za watu: unasambaza kiungo chako, mtu akinunua kupitia hapo, unapata kamisheni. Ada yake ingemeza akiba yangu yote, niliyoiweka ili ninunue mashine ya kulamineti, ya kufunika karatasi kwa plastiki, na kufungua meza yangu mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angekataa mapema. Mimi nilishindwa kukataa kwa sababu ya simu ya mama.

Mama ameweka picha ya Kidoti kwenye skrini ya simu yake. Kidoti, si mimi niliyetoka tumboni mwake. Ameketi mbele ya laptopu, miwani ya jua kichwani, anacheka hadi jino la mwisho. Siku moja nilimuuliza mama, kama utani, picha yangu ya mahafali iko wapi.

"Ile ya joho? Ipo kabatini, mwanangu. Hii Kidoti kaniwekea mwenyewe. Mwenzio anajua kujitangaza. Wewe hata salamu unaitoa kama unaomba msamaha."

Nilicheka, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Huyo ndiye Kidoti niliyekuwa nikimwandikia insha za shule, naye akipata alama nyingi kuliko mimi.

Nilifungua faili. Huwa nasoma majina moja moja kabla ya kuchapa, maana jina likikosewa, hasara ni ya duka. Karibu na mwisho nikakuta langu. Majina yote matatu, hata la babu, ambalo watu hulikosea. "Amehitimu kwa kiwango cha juu." Tarehe ya leo.

Nilipaswa kukasirika. Badala yake nikakichapa hicho peke yake, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilipendeza. Nilikiona tayari kwenye skrini ya mama.

Kidoti aliingia, manukato yakimtangulia.

"Mbona kimoja tu?" Akakigeuza, akaliona jina. "Aa, hiki. Nilikutangulizia tu, dada. Nilijua hutaniangusha."

"Na hawa wengine, wamesoma?"

"Wanasoma, watasoma... Dada, usianze ualimu."

"Wewe umeuza bidhaa gani, Kidoti?"

Akachezea mkanda wa mkoba wake. "Hii hii kozi," alisema kwa sauti ndogo. "Wote tunauza hii hii. Nimebakiza mtu mmoja nipande daraja. Ukilipa leo, nami nitakushika mkono."

Nilikitazama kile cheti mkononi mwake. Nikagundua kwamba hata sasa, nikijua yote hayo, vidole vyangu vilitaka kulipa. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Silipi."

"Kwa nini? Huniamini?"

Nilikuwa na jibu jepesi tayari, la mashine na meza. Nikaliacha.

"Kwa sababu sijawahi kuitaka kozi," nilisema. "Nakuonea wivu, Kidoti. Nataka mama anitazame mimi anavyokutazama wewe."