Haidrojeni Mbili Nyuma ya Sukari

Fakhria binti Salmini aliisoma ile sentensi mara tatu, na kila mara damu ikamchemka upya. "Mtafiti hawezi kuhesabu. Kazi ifungwe." Ndugu Hilari, mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa mimea pale Ipuli, alikuwa ameiandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya juu ya ripoti yake, utadhani anasahihisha daftari la mtoto wa darasa la pili. Ripoti ilikuwa iondoke na treni ya jioni kwenda Dar es Salaam. Ikifika na maneno yale, jasho la miaka miwili limekwenda na maji.

Miaka miwili ya magome! Magome ya mti ambao warina asali wa Urambo hufukizia nyuki. Aliyatwanga, akayachemsha, akayachuja, hadi akapata unga wa manjano usiojaa hata kijiko. Kituo hakikuwa na mashine ya sumaku ya kuupimia, ukapelekwa Ulaya. Mwezi huo wa Agosti, mwaka 1975, chati ilirudi kwa posta: mstari mrefu wenye vilele, kila kilele kikieleza haidrojeni zimekaa wapi katika molekuli, na ni ngapi. Kwa vipimo vya awali zilitakiwa ziwe ishirini na mbili. Kwenye chati zilikuwa ishirini tu.

"Mbili umezidondosha wapi, dada?" Ndugu Hilari aliuliza ofisini mwake, huku akikoroga chai. "Hapa si dukani kwa baba yako Ng'ambo, mnakopima bafta na kumpunja mwananchi."

Hilo lilimchoma kuliko wino mwekundu. Mzee Salmini alikuwa ameuza vitambaa miaka arobaini bila kumpunja mtu hata shibiri moja, na mke wa Ndugu Hilari mwenyewe alishona mapazia yake kwa kitambaa cha duka lile.

"Mwache baba yangu, Ndugu Mkurugenzi. Tuzungumze kemia," alisema kwa hasira. "Molekuli hii ina pete ya kaboni sita, na juu ya pete umepita mnyororo, kama mpini wa ndoo. Ukiiweka kwenye sumaku, elektroni za pete zinaanza kukimbia mduara. Mkondo huo unazaa sumaku yake ndogo. Ukingoni mwa pete sumaku hiyo inaisaidia ile kubwa, kwa hiyo haidrojeni za pale vilele vyake vinasogea kushoto. Juu ya pete inaipinga. Haidrojeni za kwenye mpini ziko kivulini, basi vilele vyake vinakwenda kulia, hata kupita sifuri."

"Kupita sifuri hakuna kitu."

"Sifuri ni kigingi tulichokipiga wenyewe! Si mwisho wa dunia."

"Basi nionyeshe."

Fakhria aliinua chati, na hapo ndipo alipoona. Karatasi iliishia kwenye sifuri kabisa, ukingo umenyooka, umekatwa kwa mkasi. Alikuwa amedhani ndivyo ilivyotoka Ulaya. Alitoka mbio hadi chumba cha majalada.

"Benedikta, nani kaikata chati yangu?"

"Si tunazikata zote, dada!" karani alijibu kwa mshangao. "Waraka wa kubana matumizi unasema kinachopita sifuri ni pambizo, kikatwe. Kausaini Ndugu Hilari mwenyewe. Tunatengenezea lebo za chupa. Upande wa mistari tunaupaka gundi, upande mweupe tunauandika."

Nyani haoni kundule. Fakhria alishika meza asije akapiga kelele.

"Na kipande changu?"

Benedikta aliinamisha macho. "Kilikuwa kirefu, kizuri. Nikakibandika kwenye chupa ya mkurugenzi."

Fakhria alirudi mbio ofisini kwa mkurugenzi. Chupa ilikuwa pale pale mezani, kando ya kikombe cha chai. SUKARI – MKURUGENZI. Jumatatu ilikuwa imejaa, huku wafanyakazi wengine wakipanga foleni ya sukari na kurudi na vikapu vitupu. Leo ilikuwa imefika nusu. Fakhria aliigeuza. Nyuma ya kioo, mgongoni mwa lebo, juu tu ya sukari, kilisimama kilele kimoja chembamba, kulia kwa sifuri, na chini yake mpimaji wa Ulaya alikuwa ameandika idadi kwa kalamu: 2.

Ndugu Hilari aliinama akatazama. Alikwaruza pembe ya lebo kwa ukucha.

"Ibandue, basi," alisema mwishowe, sauti imepungua.

"Ikilowa, wino utafutika. Chupa inakwenda Dar kama ilivyo, pamoja na ripoti."

"Na sukari yangu?"

Fakhria alichomoa ile karatasi ya juu yenye wino mwekundu, akaitandaza mbele ya mkurugenzi, akaimiminia sukari yote, mpaka maneno yakafunikwa.

"Hesabu, Ndugu Mkurugenzi," alisema, chupa kwapani. "Ukipunjika hata punje moja, njoo dukani kwa baba yangu. Atakufidia."