Jibu Nililomtumia Karani

Nina mdomo, sikatai. Binti yangu alipopata kazi ya ukarani kwenye zahanati ya mtaa wetu, kila mteja aliyekuja kushonesha gauni aliisikia habari hiyo kabla sijamzungushia futi kiunoni. Yeye ndiye anayewatumia wanawake ujumbe wa simu kuwakumbusha kupima saratani ya mlango wa kizazi.

"Ukipata ujumbe, nenda," nilikuwa nawaambia. "Huyo ni mwanangu anakuita."

Na walikwenda. Mimi sikwenda. Niliogopa, basi. Mganga hajigangi. Lakini namba yangu ilikuwa kwenye orodha, na ujumbe ulipofika sikutaka mtoto aonekane ameshindwa na mama yake mwenyewe. Nikajibu: "Nimeshapima. Ahsante."

Kesho yake mchana akaja kwenye kibanda changu cha cherehani, bado na koti la kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Umepimwa wapi?"

"Huko huko kwenu."

"Daftari la kwetu naliandika mimi."

Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Uzi ukakataa kuingia.

"Nilitaka hesabu zako zipendeze," nikasema.

"Hesabu zangu zina wanawake mia tatu, mama. Mama ninaye mmoja. Kesho saa tatu asubuhi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mimi ninayewatoa jasho wateja wabishi nilinywea kama nimemwagiwa maji. Niliona aibu, na papo hapo niliona fahari, na fahari ndiyo iliyozidi.

Nilikwenda. Muuguzi, mgeni pale, akanipaka siki kwenye mlango wa kizazi ili penye kasoro pageuke peupe, akaangalia kwa taa yake. Kulikuwa na baka jeupe.

"Bado si saratani," akasema. "Lakini ukiliacha, miaka ijayo linaweza kuwa. Tutalichoma sasa hivi."

Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kushona kola.

Nilipokwisha kuvaa, alikuwa anajaza kadi yangu.

"Umewahi, mama. Nani alikusukuma uje?"

"Karani wenu."

Akacheka. "Kakung'ang'ania na wewe? Yule dada hana simile."

"Hana," nikasema, nikajiweka sawa kwenye kiti. "Nimemzaa mimi."